Bamba la shaba nyekundu kutoka duka la Malindi: tathmini ya mwalimu wa kemia

Bamba hili jembamba nililinunua katika duka moja la vifaa vya ufundi mjini Malindi, ili niwaonyeshe wanafunzi wangu jinsi umeme unavyoweza kuigeuza hewa ukaa kuwa gesi zenye manufaa. Shaba ndiyo niliyoitafuta kwa sababu, tangu tafiti zilizotolewa na mwanakemia Yoshio Hori na wenzake huko Japani katika miaka ya 1980, inajulikana kuwa ndiyo metali safi inayotoa methani na ethilini kwa kiasi cha maana, ilhali fedha na dhahabu huishia kwenye monoksidi ya kaboni.

Kwa shaba yenyewe sina lawama: imenyooka na inakatika kwa mkasi. Ninachomlaumu muuzaji ni kutonieleza kwamba imepakwa vanishi isiyoonekana kwa macho. Tulipoitumbukiza mara ya kwanza katika maji yenye bikaboneti, viputo vilijipanga kama shanga kwenye kingo nilizozikata, na kwingineko kote hapakutokea kitu. Ilitubidi kuisugua kwa asetoni na msasa laini, kisha kuisuuza kwa maji yaliyosafishwa ya kujazia betri (si asidi). Maji ya kisima msiyatumie kabisa, kwani chembe za chuma au zinki zilizomo hutanda juu ya shaba na kuidhoofisha.

Baada ya hapo kazi ilienda, ingawa gesi tuliyoikinga ilipowashwa ililipuka kwa ule mlio mdogo wa haidrojeni, si gesi tulizozitaka. Hilo si kosa la duka. Maji nayo hugombania elektroni, na kuunda molekuli moja ya ethilini kunahitaji elektroni 12 wakati haidrojeni inatosheka na 2. Zaidi ya hayo, kwa joto letu la pwani, maji hushika hewa ukaa kidogo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba uboreshaji wa shaba kama kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko) umo katika uso wake. Shaba ikichomwa hadi ikafunikwa na oksidi nene, kisha oksidi hiyo ikarejeshwa kuwa shaba kwa umeme, hupata uso wa kukwaruza, usio laini, wenye uwezo wa kufanya kazi kwa volti ndogo zaidi. Kipande kimoja tulikichoma juu ya jiko la gesi. Kikapita rangi ya machungwa na zambarau kabla ya kuwa cheusi, na darasa zima likasogea mezani.

Kwa maonyesho ya darasani, nalipendekeza bamba hili. Anayetaka vipimo vya kuaminika aagize shaba yenye kiwango cha usafi kilichoandikwa, kwa kuwa hili halina. Mimi nitarudi kununua jingine, na nitamwomba muuzaji aandike habari ya vanishi kwenye lebo.