TAHADHARI: Dalali anayekuwashia gari kabla hujafika (Mtwara na Lindi)

Ndugu zangu wa Kusini mnaopenda magari ya zamani, pesa za korosho zimeanza kuonekana, na kuna dalali anazunguka kati ya Mikindani na Lindi mjini na Land Rover 109 na Peugeot 504. Jina simtaji. Mchezo wake nauanika.

Nilipatana naye saa mbili asubuhi nikaone 109 Series III ya petroli. Nikaikuta inanguruma. "Nimekuwashia mapema kaka, usije ukasubiri." Mimi huyo nikamshukuru! Boneti yamoto, bomba la moshi safi, tukaenda Mtwara mjini na kurudi. Nikatoa milioni sita na nusu.

Kesho yake nawasha gari iliyolala nje, ikatoa wingu la bluu, kuku wa jirani wakatawanyika, kisha likaisha. Nikampigia. Ati ni kabureta, petroli inazidi. Uongo mtupu. Petroli ikizidi, iwe choki imekwama au filta ya hewa imeziba, moshi ni mweusi na plagi zina masizi makavu. Bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokatika hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua, hapo shuku gasketi ya hedi (ile kati ya bloku na kichwa cha injini). (Kamvuke ka asubuhi kasikutishe, huku kwetu pwani unyevu tele.)

Nikajipa moyo, nikaenda Masasi. Nimepita Mnazi Mmoja kidogo tu, nyuma bluu tupu. Kufika Ndanda, oili haigusi dipstiki (kijiti cha kupimia oili).

Injini ilipopoa, fundi alifungua nati ya kumwagia oili. Ilichuruzika polepole kama asali: jamaa alichanganya oili ya gia, ile nzito, isipite sana kwenye ringi (pete za pistoni zinazozuia oili isipande ikaungua). Injini ikichemka safari ndefu, oili hiyo inalainika, siri inatoka. Kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), silinda ya tatu iko chini kabisa. Fundi akatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, akapima tena, ikapanda. Ringi hizo. Isingepanda, tungegeukia valvu.

Basi ukienda kwake, mwambie asiguse swichi. Ukikuta hedi ina joto, rudi kesho. Chomoa dipstiki, uone oili inavyodondoka. Iwashe mwenyewe, mwenzio akiwa nyuma. Bluu ya kuwasha tu ikaisha, mara nyingi ni sili za valvu (raba zinazozuia oili isishuke kwenye valvu). Bluu ya kupanda mlima na mzigo, ringi. Fungua na kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka. Ikipuliza moshi usoni, hiyo inapumua, yaani hewa ya silinda inapenya kwenye ringi, ondoka.

Namba yake kwangu haipatikani tena, ila juzi rafiki yangu wa Lindi kaitiwa 504 na mtu yuleyule, na ameikuta inanguruma.

Yangu iko gereji Magomeni, injini chini. Mwenye kujua zinapopatikana pistoni na ringi za oversaizi 20 (kubwa kuliko za kiwandani kwa inchi 0.020) za injini hii, aandike hapa.