Kipimo cha damu cha H. pylori: kinaona nyayo tu

Kukitumia kipimo hiki cha H. pylori, bakteria wa tumboni anayesababisha vidonda, ni rahisi. Unachoma kidole, unadondosha damu kwenye tundu la kaseti, unaongeza matone ya maji ya dawa yaliyomo kwenye pakiti, na baada ya dakika 10 hadi 15 unasoma. Mstari ukijitokeza kwenye C na T, jibu ni chanya. C isipotokea, kaseti hiyo haifai, chukua nyingine. Ukichelewa kusoma, T hafifu inaweza kujichora yenyewe.

Shida iko kwenye kinachopimwa. Kaseti haimtafuti bakteria, inatafuta kingamwili za IgG, protini ambazo mwili hutengeneza kupambana naye, nazo hukaa kwenye damu miezi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Aliyetibiwa akapona anaweza kuonyesha mistari miwili vilevile, na akipewa antibiotiki tena kwa jibu hilo, anameza dawa bure. Kwa kuhakikisha kupona, tusingemshauri mtu yeyote akinunue.

Tena kingamwili hizo hazimwondoi mdudu. Makao yake ni kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo, na sumu yake iitwayo VacA huzilegeza seli T, askari wa kinga ya mwili. Kinga inapambana, ukuta unavimba, yeye anabaki. Ndiyo maana chanjo imekuwa ngumu: kwa panya waliochanjwa, wanaolinda hasa ni aina ya seli T ziitwazo CD4, na hata panya wasioweza kutengeneza kingamwili walikingika. Matumaini yapo. Chanjo ya kumeza iliyojaribiwa China kwa watoto wa miaka 6 hadi 15, dozi tatu, ilionyesha ufanisi wa asilimia 71.8 katika mwaka wa kwanza, matokeo yakachapishwa 2015. Baada ya hapo kinga ilipungua.

Kwa sasa, pesa yako ipeleke kwenye kipimo cha pumzi au cha antijeni (chembe za bakteria mwenyewe) kwenye choo. Cha pumzi: unapuliza, unakunywa urea yenye kaboni maalumu, unapuliza tena baada ya nusu saa hivi, bakteria akiwepo anaivunja, na kaboni hiyo inatoka na hewa. Cha choo: usichukue sampuli iliyochanganyika na mkojo au maji, na chomeka kijiti sehemu kadhaa za kinyesi. Usijaze, kinyesi kingi huziba kaseti.

Vyote viwili huharibiwa na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa sababu hupunguza bakteria bila kuwamaliza, na jibu linakuja hasi la uongo. Iache wiki 2 kabla, kwa makubaliano na daktari wako. Antibiotiki na bismathi wiki 4. Baada ya matibabu pia subiri wiki 4.

Kipimo cha damu kina kazi moja tunayokipa heshima: mgonjwa ambaye hajawahi kutibiwa, kidonda kinavuja damu na omeprazoli haiwezi kusimamishwa. Hapo wenzake hupotoka, chenyewe hakitikiswi na dawa hiyo.