Wasanifu walioanza na hati: tathmini ya huduma ya kuchora jengo la kiwanda chepesi

Kampuni ya usanifu majengo ninayoitathmini hapa ina ofisi Dar es Salaam, na sitaitaja jina kwa kuwa, pamoja na sifa, nina malalamiko nayo. Ilituchorea jengo la kukaanga, kusaga na kufungasha siagi ya karanga mkoani Pwani, upande wa barabara ya Morogoro. Ubora wake mkubwa ni kwamba ilikataa kuchora chochote kabla ya kuona hati ya kiwanja na mchoro wa mipango miji uliopitishwa wa eneo husika. Wachoraji ramani wengi wanaopatikana kwa urahisi huanza na picha ya rangi ya jengo lililokwisha kukamilika, likiwa na miti na magari mbele yake, na suala la matumizi ya ardhi humwachia mteja akakutane nalo halmashauri.

Mimi na wenzangu tulikuwa tumeletewa viwanja viwili tuchague kimoja. Cha kwanza kilikuwa kimepakana na lami, na hati yake ilisema makazi na biashara. Cha pili kilikuwa ndani zaidi, kwenye eneo lililopimwa kwa ajili ya viwanda vyepesi. Dalali aliyetuonyesha kile cha kwanza alisisitiza kwamba biashara ni biashara. Msanifu alitueleza kwa utulivu kwamba hati hutaja kundi na daraja la matumizi kwa mujibu wa kanuni, na kwamba duka na kiwanda havimo katika kundi moja. Matumizi yanaweza kubadilishwa chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, lakini njia yake ni maombi, tangazo kwa umma, nafasi ya majirani kuweka pingamizi, vikao vya halmashauri, na mwishowe kodi ya ardhi inayotozwa kwa kiwango cha matumizi mapya. Alituandalia karatasi moja iliyolinganisha viwanja hivyo kwa gharama na kwa muda, na baada ya kuisoma hakuna aliyekitaka tena kile cha barabarani. Kwangu mimi karatasi ile peke yake ilirudisha sehemu kubwa ya ada yao.

Hata kwenye kiwanja sahihi kazi ya kuzingatia masharti haikuishia hapo. Katika upangaji miji, kinachokifanya kiwanda kiitwe chepesi ni kama shughuli yake inaweza kufanyika jirani na makazi bila kuwakera watu kwa kelele, mtetemo, harufu, moshi au vumbi. Ukubwa wa jengo peke yake hauamui. Kukaanga karanga kuko ukingoni mwa tafsiri hiyo. Ndiyo maana msanifu alituuliza tutakaanga kwa mkaa au kwa gesi kabla hata ya kutuuliza tunataka vyumba vingapi, na tulipojibu gesi aliiandika kwenye maelezo ya mradi yatakayosomwa na mtaalamu wa mazingira. Nyumba za karibu ziko kaskazini-magharibi mwa kiwanja, na kusi huvuma kuelekea huko kwa miezi mingi ya mwaka. Kwa hiyo chumba cha kukaangia kiliwekwa kona ya kusini-mashariki, mbali kabisa na nyumba hizo, na bomba la moshi likapandishwa juu ya kilele cha paa. Wakati wa kaskazi moshi huelekea upande ambao hakuna makazi. Sijaona ramani nyingi za mabanda ya viwanda ambazo mchoraji wake alijishughulisha na pepo hizo mbili.

Jengo lenyewe ni la fremu za chuma, lenye upana wa mita 18 na urefu wa mita 36, bila nguzo katikati, juu ya kiwanja cha mita za mraba 2,000. Limekalia chini kidogo ya theluthi moja ya kiwanja, hivyo Fuso huingia, hugeuka na kutoka kwa kichwa bila kurudi nyuma hadi barabarani. Kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige ncha fupi tu. Ndani, karanga husonga upande mmoja tu, kutoka stoo hadi kwenye kopo lililofungwa, na zilizokaangwa hazikutani njiani na mbichi. Mpangilio huo ndio anaoutafuta mkaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosajili majengo ya chakula. Stoo ya karanga mbichi ina matundu ya hewa juu na chini pamoja na nafasi ya kuweka chaga mbali na ukuta, kwa sababu unyevu ndio unaoleta sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu. Milango ya dharura hufunguka kwa nje.

Walipoteleza ni kwenye maji ya mvua. Paa hilo, kwa eneo la sakafu tu, lina mita za mraba 648, na mvua ya masika ya milimita 50 hulimwagia lita 32,400. Ramani ya kwanza ilionyesha gata na mabomba ya kushushia maji, kisha mshale ulioelekea mpakani, ambako kiwanja cha jirani kiko chini kuliko chetu. Hapakuwa na mfereji wala tangi. Walirekebisha tulipouliza, wakaweka tangi la chini ya ardhi ambalo sehemu ya maji yake ni akiba ya zimamoto, lakini jambo hilo lilipaswa kutoka kwao, hasa kwa watu waliokuwa makini hivyo juu ya upepo.

Bei yao si ya chini, na bei waliyoitaja mwanzoni haikuwa imejumuisha upimaji wa udongo, mhandisi wa miundo wala mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Hakuna kilichofichwa kwa maana ya hila, ila mteja asiye na uzoefu ataiona bei hiyo kuwa ni ya kila kitu. Upande wa makaratasi ya kibali hawana doa: michoro ilikuwa na mihuri ya wataalamu waliosajiliwa na bodi zao, na iliingizwa kwenye mfumo wa maombi ya kibali ikiwa kamili.

Usimamizi wakati wa ujenzi ulikuwa wa kuridhisha hadi zege la jamvi lilipomwagwa, kisha ukalegea, na fundi wa kenchi akawa anatafuta majibu kwa simu. Atakayewapa kazi aandike kwenye mkataba ni hatua zipi ambazo msanifu lazima awepo mwenyewe kiwanjani, na sehemu ya mwisho ya ada ifungwe kwenye hatua hizo.