Pochi ya vifaa vya kupasulia: inavyofanya kazi kwenye kibofu cha nguruwe

Pochi ya zipu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara ina mikasi miwili, vibano viwili, mpini wa kisu na nyembe zake, sindano ya kuchokolea na pini. Kwa chura na panya inatosha. Kwa kibofu cha mkojo cha nguruwe, ambacho Mbeya na Iringa hakisumbui kukipata kwa sababu ya wachinjaji wa kitimoto, inunue ukijua itakwama wapi.

Kagua mpini kwanza. Nyembe namba 10, 11 na 15 ni za mpini namba 3. Haziingii namba 4. Pochi nyingine huchanganya, na wembe usiokaa sawasawa huchomoka ukikandamiza. Ujaribu dukani kabla ya kulipa.

Mkasi uwe na ncha moja butu, na hiyo ndiyo ikae ndani. Kibofu hufunguliwa upande wa tumbo, kutoka kileleni hadi shingoni na kuendelea kwenye njia ya mkojo, maana unachokitafuta kipo ukuta wa mgongo. Ncha kali huutoboa ukuta huohuo. Mgongo utaujua kwa ureta, mirija miwili itokayo kwenye figo: huingilia huko, karibu na shingo.

Bandika kwa pini. Ndani kuna mikunjo kila mahali, ila pembetatu moja laini: trigoni. Kona mbili ni matundu ya ureta, ya tatu ni mlango wa njia ya mkojo. Hapa ndipo pochi inaposhindwa. Sindano ya kuchokolea ina ncha kali. Hutoboa tundu la uongo, na mwanafunzi huchora hilo. Tumia kanula ya dripu (kijimrija laini cha plastiki), ya waridi au ya bluu, iliyotolewa sindano. Ipitishe kwenye ureta kutoka nje uone inavyosafiri kimshazari ndani ya ukuta kabla ya kuchomoza. Mshazari huo ndio vali: kibofu kikijaa, ukuta huubana mrija, mkojo haurudi kwenye figo.

Lithibitishe hilo kabla hujakata. Funga mrija mwembamba wa mpira kwenye njia ya mkojo kwa uzi, sukuma maji taratibu kwa bomba la sindano la mililita 60, kisha minya kibofu. Kwa kawaida ureta hazitoi hata tone. Hakuna mchoro wa ubaoni unaofundisha vizuri kiasi hicho.

Mara nyingi somo huharibikia machinjioni: kibofu hukatwa shingoni, trigoni ikabaki kwenye nyonga. Agiza mapema ureta zibaki na sentimita 5, na njia ya mkojo iachwe. Kikija kitupu, ukuta utakuwa mnene. Si ugonjwa, ni detrusa, msuli wa ukuta wa kibofu, uliojikunja. Kijaze maji, utauona unakuwa mwembamba.

Pini hushika kutu zikirudishwa na unyevu, zikaushe kabisa. Glavu hazimo, nazo si za kuachwa: homa ya mgunda huambukizwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele. Panya wa kutegwa mtaani asiletwe kabisa mezani.