Tathmini: Ukarabati wa Dohani ya Matofali ya Kuchoma katika Nyumba ya Zamani, Dodoma Mjini

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kikundi kidogo cha waashi wa Dodoma, kinachoongozwa na fundi mmoja mtu mzima, ambao walikarabati dohani, yaani njia ya matofali ya kutolea moshi, ya jiko la kuni katika nyumba ya familia yetu, mojawapo ya zile nyumba za enzi za ukoloni zilizobaki upande wa Uzunguni. Naipendekeza huduma yao kwa sababu moja kubwa: walikataa kutumia saruji mahali ambapo kila fundi mwingine tuliyemwita kukagua kazi alitaka kuanza nayo.

Dohani hiyo inatokeza juu ya bati kwa zaidi ya mita moja. Upande unaopigwa na upepo wa mvua, nyuso za matofali zilikuwa zikibanduka vipande vyembamba kama maganda, ilhali saruji iliyojazwa kwenye maungio miaka ya nyuma ilikuwa bado nzima, imetokeza nje kuliko matofali yenyewe. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji meusi ya masizi yalichuruzika ukutani jikoni, na ukuta ulipokauka uliacha chumvi nyeupe.

Mtu akiona saruji iliyosalia imara na tofali lililolika, ni rahisi kuhitimisha kwamba tofali ndilo baya. Ukweli ni kinyume chake. Matofali ya zamani yaliyochomwa kwa kuni ni laini na hunywa maji; waliojenga nayo waliyaunganisha kwa chokaa, ambayo nayo ni laini na hupitisha unyevu, hivyo maji yaliyoingia wakati wa mvua yalitoka kupitia maungio jua lilipowaka. Saruji huziba njia hiyo. Unyevu hulazimika kutokea kwenye uso wa tofali, ukibeba chumvi ambayo hugeuka chembechembe ndani ya vitundu vya tofali na kuusukuma uso wake nje hadi ubanduke. Aidha, dohani hupata joto na kupoa kila siku, na kiungo kigumu kisichotaka kusogea pamoja na tofali hupata ufa mwembamba unaokaribisha maji zaidi. Katika nchi za baridi, kama Uingereza, tatizo huwa kubwa zaidi kwa sababu maji yaliyonaswa huganda na kuongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, yakapasua tofali kutoka ndani. Dodoma hatuna barafu, na mvua yetu ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Lakini huja kwa dhoruba, ikisukumwa na upepo, kisha jua kali hufuata siku hiyo hiyo. Dohani, iliyosimama peke yake juu ya paa bila kivuli wala upenu, hupokea yote hayo pande zote nne.

Siwalaumu sana mafundi wengine. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, kazi iliyoko mjini ni ya matofali ya saruji, nondo na zege, na kijana aliyejifunza ufundi katika miaka hiyo huenda hajawahi kukoroga chokaa isipokuwa ya kupaka ukuta. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi hii anastahili kutajwa kwa kazi yake.

Kabla ya kutaja bei, fundi huyu alipanda juu na msumari na kikombe cha maji. Alikwaruza maungio ya chini, ambayo hayakuwahi kuguswa na saruji, akanionyesha unga mweupe uliobaki kwenye ncha ya msumari; kisha akamwagia tofali maji kidogo, nayo yakanywewa papo hapo. “Mama, hili bado zima,” alisema, akiligonga kwa mpini wa mwiko ili nisikie mlio wake. Matofali yaliyotoa mlio mfu aliyatia alama ya mkaa, na hayo tu ndiyo yaliyobadilishwa, kwa matofali yaliyookolewa kwenye nyumba kuukuu iliyobomolewa. Hapo niliridhika kwamba sitalipia dohani mpya nisiyoihitaji.

Saruji ya zamani iliondolewa kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, kwa kina cha takriban milimita 25, bila mashine ya kukatia, ambayo ingekata na kingo za matofali. Chokaa ililowekwa ndani ya pipa lililofunikwa, ikachanganywa na mchanga wa mto uliooshwa na kuchekechwa, kwa kipimo cha sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, pamoja na unga kidogo wa matofali yaliyosagwa. Unga huo una kazi: tofali lililochomwa na kusagwa laini huisaidia chokaa kugumu hata penye unyevu, wakati chokaa tupu hugumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Maungio yalisafishwa, yakaloweshwa, yakajazwa kwa matabaka yaliyoshindiliwa, na yalipoanza kukaza yakagongwagongwa kwa brashi ngumu ili uso wake ubaki wazi. Kisha dohani nzima ilivikwa magunia mabichi na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Kwa upepo mkavu wa Dodoma hatua hii haina mbadala, kwani chokaa ikikauka haraka hubaki unga usioshika kitu, na hata usimamizi wa kunyunyizia maji haukuachiwa watu wa nyumbani.

Sehemu ya juu kabisa wao wenyewe walitumia zege, na walikuwa sahihi. Kofia ya dohani inatakiwa kumwaga maji, si kuyanywa. Hii ina mteremko, imetokeza nje ya matofali pande zote, na chini ya ukingo ina mfereji mdogo unaolazimisha tone lidondoke badala ya kurudi ukutani. Wavu wa kuzuia popo na ndege umefungwa vizuri. Walisafisha pia masizi na kuchoma nyasi mbichi jikoni ili kuona kama moshi unapenya popote chini ya paa, jambo ambalo sikuliomba na ambalo naliona la lazima, maana dohani iliyoziba au yenye ufa hurudisha ndani gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua.

Udhaifu wao uko kwenye bati. Mahali dohani inapokutana na paa panahitaji bati lililokunjwa, ambalo ukingo wake wa juu huingizwa ndani ya kiungo cha matofali. Wao walilibandika juu ya matofali na kuziba kwa lami. Lami hiyo ilianza kuachia kabla ya msimu wa mvua, na ingawa walirudi kurekebisha bila malipo na bila ubishi, kazi nadhifu ilifanywa na fundi bati tuliyemtafuta baadaye. Anayewaita aagize fundi bati awepo maungio yakiwa bado wazi, kwani kukitoboa tena kiungo kipya cha chokaa ni hasara.

Bei ya ufundi ilikuwa juu kuliko ya waliotaka kupiga plasta ya saruji, na kazi ilichukua muda mrefu zaidi, hasa kwa sababu ya kuloweka chokaa na kulinda unyevu. Vifaa tulinunua wenyewe kwa orodha yao, na hakuna kilichobaki kikaenda nao. Wasaa wao mzuri ni kati ya Juni na Oktoba, hivyo ni vyema kuwaona mapema. Sisi tulikubaliana kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itolewe baada ya mvua kubwa ya kwanza, nao waliandika sharti hilo kwenye karatasi ya makubaliano bila kusita.