Anwani 46 kwa faili moja: uzoefu wangu na Address Importer ya cPanel

Kampuni yetu ya uwakala wa forodha, hapa Mombasa, ilikuwa ikifanya kazi kwa barua pepe za bure, kila karani na yake. Mteja wa Kampala akituma hati ya shehena, inaingia kwenye kikasha cha mtu binafsi, na mtu huyo akiacha kazi anaondoka nayo. Ndivyo ilivyotokea. Karani mmoja aliondoka, makontena mawili yakakaa bandarini Kilindini yakila gharama ya hifadhi, kumbe barua ya mteja iko kwake. Mkurugenzi akaniita: "Mwanangu, kufikia Jumatatu kila mtu awe na anwani ya kampuni." Tuko watu 46, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Domeni ya .co.ke tulikuwa nayo tayari, na paneli ya seva yetu, yaani ukurasa wa kusimamia tovuti na barua pepe, ni cPanel. Nilikuwa nimezoea kufungua anwani moja moja: andika jina, weka nywila, chagua nafasi ya kuhifadhi barua, bonyeza, ngoja. Kwa watu watano haina neno. Kwa 46 ni kazi ya kuchosha, na mtu akichoka hukosea. Kumbe pale pale kwenye sehemu ya Email mna kifaa kinachoitwa Address Importer, ambacho nilikuwa nakipita kila siku. Unakipa faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) au ya Excel yenye safu tatu, yaani jina la mtumiaji, nywila na nafasi, kisha unakionyesha safu ipi ni ya nini. Kabla ya kufungua chochote, kinakuwekea orodha nzima mbele yako uikague.

Niseme wazi: kupakia faili kulichukua dakika chache tu. Kuitayarisha kulinichukua Ijumaa yote baada ya swala, mpaka usiku.

Kwanza majina. Hapa pwani ukisema anwani iwe jina la kwanza, nukta, kisha jina la baba, utapata akina ali.mohamed wawili na fatuma.said wawili kabla hujafika katikati ya orodha. Nikaamua wenye majina yanayogongana waongezewe herufi ya jina la babu. Wenye ng' katika majina yao niliwaondolea kile kikoma cha juu, maana mteja akikisahau barua haifiki. Nilimpigia kila mmoja wao simu kwanza. Jina ni la mtu, huwezi kulikata bila kumwambia.

Pili nywila. Nilitengeneza nyingine zenye mkato ndani yake, na katika CSV mkato ndio unaotenganisha safu. Mstari mmoja ulipasuka ukawa na safu nne, nusu ya nywila ikasogea kwenye safu ya nafasi. Nyingine zilikuwa za tarakimu tupu zikianza na sifuri. Jedwali likazihesabu kama namba, sifuri ikaliwa. Basi fanyeni hivi: safu ya nywila iwekeni katika umbo la maandishi kabla ya kuandika chochote, na msitumie mkato wala alama za kunukuu. Tatu, nafasi huhesabiwa kwa megabaiti. Mimi niliandika 1 nikikusudia gigabaiti moja. Niligundua kwenye ile orodha ya ukaguzi, nikarudi kuandika 1024. Kwa hatua hiyo peke yake, kifaa hiki nakipa alama za juu.

Jumamosi asubuhi, ofisi ikiwa kimya, nikabonyeza kitufe cha mwisho. Mistari ikaanza kukubaliwa mmoja baada ya mwingine, nami nimekaa nikiitazama. Ya 30 ikapita. Ya 31 ikakataliwa, na zote zilizofuata vilevile. Kifurushi cha seva tulichouziwa kilikuwa na kikomo cha anwani 30, na aliyetuuzia hakututajia. Nilimwandikia asubuhi hiyo, akajibu baada ya Isha. Tulilipia kifurushi cha juu, nikatengeneza faili ndogo ya wale 16 waliobaki, ikapita bila tatizo. Ulizeni kikomo kabla ya kulipa, na mjibiwe kwa maandishi.

Nywila sikuzituma kwenye kundi la WhatsApp. Nilichapisha vikaratasi, nikavikata kwa makasi, Jumatatu nikamkabidhi kila mtu chake mkononi, na kila mmoja akabadilisha nywila yake mbele yangu kupitia webmail, yaani barua pepe ndani ya kivinjari. Kisha nikaifuta ile faili kwenye kompyuta na kwenye pipa la taka. Faili yenye nywila za watu 46 si ya kuacha ikizagaa, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Barua zetu za mwanzo ziliangukia kwenye taka za wateja wawili. Ukurasa wa Email Deliverability ndani ya cPanel ulionyesha rekodi ya DKIM, ile saini inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenye domeni yetu kweli, haijakaa sawa, nikairekebisha.

Address Importer hupakia pia forwarders, yaani maelekezo ya kupeleka barua ya anwani moja kwenye nyingine, safu mbili tu: inakotoka na inakokwenda. Sasa hati zote za shehena zinaingia anwani moja ya idara na kuwafikia makarani watatu kwa pamoja. Jumanne mmoja wao alikuwa Likoni akingoja feri. Hati ikaingia, mwenzake aliyekuwa ofisini akaishughulikia kabla feri haijatia nanga.