Vigae vya enzi ya Victoria: tazama mgongo kabla ya ua

Kwa ngazi za nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, vigae vilivyobanduliwa kwenye majumba ya zamani ya Uingereza vinastahili bei yake. Kwa sakafu, inategemea ni vigae gani, na wauzaji huviuza vyote kwa jina moja.

Vipo vya ukutani, vyenye maua ya kuchapwa chini ya utando wa kioo. Huko kwao vilipamba meko, vitano kila upande. Utando huo ni laini; mchanga wa kandambili huukwaruza upesi. Mahali pake ni uso wa wima wa vipandio vya ngazi, au ukuta wa ukumbi. Halafu vipo ambavyo ua lenyewe ni udongo wa rangi uliojazwa ndani ya udongo mwingine, kazi iliyokipa sifa kiwanda cha Minton cha Stoke-on-Trent, Uingereza. Hivyo hulika na ua likabaki. Vya sakafu ndivyo hivyo.

Pindua kila kigae. Jina la kiwanda, Minton au Maw & Co., linapendeza, ila angalia zaidi kilichoganda hapo mgongoni. Chokaa hutoka kwa tindo ndogo na brashi. Saruji ni ngumu kuliko kigae, kwa hiyo kinachovunjika kwanza ni kigae. Vyenye saruji nene viache, hata ukipunguziwa. Asidi ya kuoshea vyoo usiipake kabisa, hufifisha rangi. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole: chenye ufa hulia kama mtungi mbovu. Vijiufa vya juu, vyembamba kama uzi wa buibui, si kasoro, ila masizi yaliyozama humo hayatoki tena.

Kipimo ni inchi 6, yaani milimita 152, hivyo hakilingani na cha leo cha sentimita 15. Mita ya mraba hula 43. Chukua 48, maana vikipungua hupati vya kufanana. Vipange chini vikavu kwanza. Vinapishana kwa ukubwa milimita moja, pengine mbili.

Adui wa kazi hii hapa ni chumvi. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini, saruji huuzuia usitoke, na chumvi ikikauka nyuma ya kigae humenya uso wake. Fundi atasema gundi ya mfuko ni ya haraka. Ni kweli, ya haraka, ila nayo ni ya saruji. Tumia chokaa iliyolowekwa, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio wa pwani. Loweka kigae hadi viputo viishe, bandika, acha mwanya wa milimita 2 au 3, kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Ukuta unaotoa unga mweupe usiubandike kitu hadi chanzo cha maji kizibwe. Kukata ni kwa msumeno wa maji, nje ya nyumba: utando wa kale mara nyingi una madini ya risasi, na vumbi lake halifai kuvutwa na mtu.